Njia ya Ngoma: Kutoka Ufukwe wa Ujiji hadi Stesheni ya Kigoma

Mgeni akifika Ujiji hupelekwa moja kwa moja mwembeni. Huelezwa jinsi Henry Morton Stanley alivyomkuta David Livingstone mwaka 1871, huonyeshwa mnara wa kumbukumbu na makumbusho, hupiga picha, kisha hurudishwa Kigoma mjini. Safari imekwisha. Aliyotembezwa ni historia ya salamu moja ya Wazungu wawili. Mji wenyewe uliowapokea wote wawili, ukawalisha, ukawaimbia na kuwapigia ngoma, ameupita dirishani mwa gari.

Mwembe ule unastahili kutunzwa, sikatai. Lakini nimekuwa nikiwaza jinsi watu wa Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, wanavyowatembeza wageni wao. Jioni wanamuziki wawili hukusanya kundi la wageni, wakatoka nao kwa miguu kutoka baa kongwe moja hadi nyingine. Kila wanapofika hukaa, wakapiga fidla, filimbi au gitaa, wakaeleza wimbo ule ulitoka kijiji gani na ulikatazwa na nani, kisha wakaendelea na njia. Baa iitwayo O'Donoghue's, kwenye barabara ya Merrion Row, inajulikana ulimwenguni kwa sababu kundi la The Dubliners lilianzia humo mwaka 1962. Hawakuhitaji kujenga kitu kipya. Mitaa ilikuwapo, na waliokuwa wakikumbuka walikuwapo.

Sisi tunayo njia ya namna hiyo. Ni barabara ya kilomita zisizofika 10, kati ya Ujiji na Kigoma, na muziki uliopita juu yake una zaidi ya karne moja na nusu. Tofauti ni kwamba Ujiji ni mji wa Kiislamu. Muziki wake ulikaa ufukweni, uani, barazani na misikitini muda mrefu kabla ya kuingia baa. Anayetaka kuufuata hana budi kuanzia ziwani, kwenye mitumbwi, na baa aziache za mwisho.

Mwezi Februari 1858, Richard Burton na John Speke walifika ufukwe huu baada ya kutembea kutoka pwani kupitia Unyanyembe. Hawakugundua chochote ambacho wafanyabiashara wa pwani, wapagazi wa Kinyamwezi na Wajiji wenyewe hawakukijua. Waliikuta njia iliyokwisha kukanyagwa ikawa ngumu, na msafara wa njia ile ulikuwa na muziki wake. Mbele alitangulia kirangozi, kiongozi wa msafara. Palikuwa na ngoma ya kuamsha watu alfajiri na kuwapanga safarini, palikuwa na baragumu la pembe, na palikuwa na nyimbo za wapagazi ambazo mmoja alizianzisha na mamia wakaitikia wakiwa na mizigo ya pembe za ndovu au nguo mabegani. Msafara ulipokaribia mji, watu walivaa nguo zao nzuri, bendera ikainuliwa na bunduki zikapigwa hewani. Stanley alifanya hivyo hivyo mwaka 1871, na ndiyo maana umati wa Ujiji ulikuwa umekwisha kutoka kumlaki kabla hajamwona Livingstone. Waliitikia sauti waliyoizoea.

Ziwani nako kulikuwa na muziki mwingine. Aprili 1858 Burton na Speke walipanda mitumbwi ya Kannena, mkuu wa Kawele, sehemu ya Ujiji, kwenda Uvira upande wa kaskazini. Burton alikuwa mgonjwa, hawezi kusimama vizuri, na kitabuni mwake alilalamika sana kuhusu kelele za wapiga kafi, kuimba kwao kusikokoma, ngoma zao na baragumu zao. Namwelewa mgonjwa akitaka kimya. Lakini malalamiko yake yametuachia moja ya maelezo ya kale zaidi yaliyoandikwa kuhusu muziki wa Ziwa Tanganyika, na ukiyasoma vizuri unaona kitu ambacho yeye hakukijali: bila wimbo, kafi za mtumbwi mrefu haziendi pamoja. Mwimbaji aliyeanzisha ndiye aliyepima mwendo, na chombo kilikwenda kwa kasi ya koo lake. Wavuvi wa dagaa wanaovuta nyavu usiku wanalijua jambo hilo hata leo.

Kutoka maji yalipo sasa hadi mnara wa Livingstone kuna mwendo wa miguu, kwa sababu ziwa limerudi nyuma tangu siku zile. Hapo katikati ndipo palipokuwa mji wa karne ya 19. Stanley aliporudi mwaka 1876 aliandika kwamba Ujiji ina sehemu mbili, Ugoy walikokaa Waarabu na Kawele walikokaa waungwana, watumwa na wenyeji. Mwenye madaraka kwa miaka mingi alikuwa Mwinyi Kheri, mtu wa Mrima, na baada yake jina kubwa likawa la Muhammad bin Khalfan, aliyeitwa Rumaliza, aliyeshirikiana na Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip.

Hapa kiongozi wa matembezi ashushe sauti. Utajiri wa mji huu ulitokana na pembe na watu waliouzwa, na wengi wa watu hao walitolewa Umanyema, ng'ambo ya ziwa, katika nchi ambayo sasa ni mashariki ya Kongo. Waliingia Ujiji wamefungwa. Baadhi walipitishwa hadi Tabora, Bagamoyo na Unguja. Baadhi walibaki wakawa askari, wapagazi, wakulima, wake na masuria. Wengine walikuja baadaye kwa miguu yao wenyewe, hasa vita vya Wabelgiji na Waarabu wa Kongo vilipovunja himaya ya wafanyabiashara miaka ya 1892 hadi 1894. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi Ujiji mwaka 1896, Wamanyema walikuwa tayari nguzo ya mji: Waislamu, wasemaji wa Kiswahili, na watu wenye ngoma zilizobeba kumbukumbu ya nchi ambayo wengi wao hawakuiona tena. Ukienda Kariakoo, Dar es Salaam, utakuta msikiti wa Manyema. Ni watu wale wale, wamefuata njia ile ile kurudi pwani.

Kwa hiyo kituo cha pili cha matembezi haya ni nje ya msikiti, barazani, jioni ya dhikri au usiku wa maulidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 tarika ya Kadiria, iliyokuwa na nguvu Unguja na Bagamoyo, ilishika mizizi Tabora na Ujiji pia. Kiongozi wake mkubwa Bagamoyo alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu kama Sheikh Ramiya, aliyefariki mwaka 1931. Alizaliwa upande wa Umanyema na akapelekwa pwani utotoni kama mtumwa. Tafakari hilo kidogo. Mtoto aliyechukuliwa kutoka bara akiwa bidhaa anakuwa sheikh ambaye watu wa pwani wanasafiri kumzuru, na tarika yake inarudi bara ile ile, inavuka ziwa, inaingia Kongo, hadi maofisa wa Kibelgiji wanaanza kuwachunguza wafuasi wake kwa hofu. Dhikri ya Kadiria ni pumzi, miili na sauti za watu wengi zinazopanda pamoja. Wanazuoni wamebishana sana kama ni halali au la, na mimi si wa kuwaamulia. Ninachosema ni kwamba hakuna historia ya sauti ya Ujiji iliyokamilika bila hiyo, na mgeni akae barazani kwa heshima, asikilize, asipige picha.

Kutoka hapo tuingie uani, kwa wanawake. Historia iliyoandikwa imewapita wengi wao, lakini kuna mwaka mmoja ambao haikuweza kuwapita. Mwaka 1932 uhasama wa vyama viwili vya Ujiji ulifika kiasi cha kuitwa vita, na mwanahistoria Sheryl McCurdy, aliyefanya utafiti wa miaka mingi juu ya Wamanyema wa mji huu, ameonyesha kwamba wanawake ndio waliouchochea, wakiwa na sababu zao za kisiasa. Serikali ya kikoloni ilizoea kuona ngoma za wanawake kama burudani au kama kelele. Ujiji iliifundisha kwamba uani kulikuwa na uongozi, ada, hadhi na madaraka. Katika miji yetu ya Waswahili mwanamke aliyekuwa mtumwa, aliyezaa au asiyezaa, tajiri au maskini, alipata jina lake ngomani, na jina lile alilitetea hata kwa ugomvi.

Sasa tuiache Ujiji, tupande barabara kuelekea Mwanga. Hapa katikati ya njia ndipo pa kueleza kwa nini mji wa Kigoma upo.

Wajerumani walianza reli ya kati Dar es Salaam mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na ziwani Februari 1914, kilomita 1,252 kutoka pwani. Hawakuipeleka Ujiji. Waliipeleka Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na kinga ya upepo, na kwa uamuzi huo mji mkongwe ukaanza kuwa kitongoji cha mji mpya. Mwaka uliofuata meli ya Graf von Götzen, iliyoletwa vipande vipande kutoka Papenburg, iliteremshwa majini. Julai 1916 Wajerumani wenyewe waliizamisha wasiiache mikononi mwa adui. Waingereza waliirudisha kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Kati ya 1916 na 1921 mji ulikuwa chini ya Wabelgiji, na hata walipoondoka walibaki na sehemu yao ya bandari.

Vita, reli na meli ndivyo vilivyobeba beni. Ngoma hii ilizaliwa pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, miaka ya 1890, vijana walipochukua tarumbeta, ngoma kubwa, magwanda na gwaride la Wazungu wakavigeuza vyao. Ilikuwa na kingi wake, majenerali na makapteni wake, na wanawake wenye vyeo vyao. Vyama viwili vikubwa, Marini na Arinoti, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu, kwa nyimbo za kuchambana na kwa kusaidiana misibani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza askari, wapagazi na makarani walioijua walitawanywa nchi nzima, na ilipofika amani kila mji wa reli ulikuwa na watu wa kuianzisha. Terence Ranger, aliyeiandikia kitabu mwaka 1975, aliifuata kutoka Lamu hadi migodi ya shaba ya Katanga, Elisabethville, ilikoitwa mbeni, na kutoka huko hadi ngoma ya kalela ya Rhodesia ya Kaskazini.

Tazama ramani uone Kigoma inakaa wapi katika safari hiyo. Reli ya pwani inaishia hapa. Meli inavuka hadi Albertville, ambayo leo ni Kalemie, na kutoka Albertville reli ya Wabelgiji inaingia ndani kuelekea Kabalo tangu mwaka 1915. Askari, mfanyakazi wa migodi, karani, mchuuzi, wote wenye kwenda na kurudi kati ya Bahari ya Hindi na Katanga walilala usiku mmoja au wiki nzima katika mji huu wakisubiri chombo. Na mtu anayesubiri chombo huimba. Nasema bila kusita kwamba katika historia ya muziki wa Afrika Mashariki na Kongo, lango hili lina uzito kuliko linavyopewa vitabuni.

Serikali za kikoloni hazikuipenda ngoma ya mjini. Katika miji ya Tanganyika ngoma ilihitaji kibali, na pombe nayo ilikuwa na sheria zake: Mwafrika alikatazwa pombe kali, akaachiwa vilabu vya pombe ya kienyeji vilivyokuwa chini ya jicho la mkubwa wa mji. Hivyo ndivyo muziki na kinywaji vilivyokutana mahali pamoja, kwa kubanwa. Waha wa nyanda za juu walikuwa na pombe zao za ndizi na mtama, na pwani ya ziwa ina michikichi, yenye mawese na tembo lake. Baa yenye umeme na gitaa ilikuja baadaye sana.

Ilipokuja, ilikuja kutoka pande mbili. Kutoka mashariki zilikuja bendi za jazi, zilizochipuka kwenye mizizi ile ile ya vyama vya beni na dansi: Dar es Salaam Jazz katika miaka ya 1930, Morogoro Jazz mwaka 1944, Cuban Marimba ya Salum Abdallah mwaka 1948. Kutoka magharibi lilikuja gitaa la Katanga. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi kijana Mwenda Jean-Bosco huko Jadotville, na wimbo wake Masanga ukaenea Afrika nzima. Mwenda aliimba Kiswahili cha Katanga. Mtu wa Dar es Salaam huenda alihitaji kutega sikio. Mtu wa Ujiji, ambaye shangazi yake yuko Kalemie, hakuhitaji.

Mwanga na Kigoma zilikaa kwenye makutano hayo, na zikapata bendi yao, Lake Tanganyika Jazz. Humo ndimo alimoanzia Shem Ibrahim Karenga, kijana wa Kigoma, katika miaka ya 1960, kabla ya kuhamia Tabora Jazz ambako alitunga Dada Asha, wimbo ambao Mtanzania wa umri fulani akiusikia redioni huacha anachokifanya. Karenga alifariki Dar es Salaam Desemba 2014. Kama angekuwa mtu wa Dublin, nyumba aliyojifunzia gitaa ingekuwa na kibao ukutani. Naliandika hilo kwa uchungu, kwa sababu nyimbo zake zimechezwa harusini, kwenye mabasi na kwenye mabaa ya nchi hii kwa miaka 40 na zaidi, na vijana wengi wanaozicheza hawajui kwamba mtunzi alitoka ziwani.

Barabara sasa inateremka Kigoma mjini na kuwa Barabara ya Lumumba. Patrice Lumumba aliuawa Katanga Januari 1961, na kifo chake kilitikisa mji huu kuliko miji mingi, kwa kuwa matokeo yake yalivuka maji. Aprili 1965 Ernesto Che Guevara alipita hapa kwa siri akiwa na Wakuba wenzake, akavuka ziwa kuwasaidia wapiganaji wa Kongo ambao miongoni mwa viongozi wao alikuwamo Laurent Kabila. Alirudi Novemba mwaka huo huo ameshindwa. Katika kumbukumbu zake za vita ile, zilizochapishwa miongo kadhaa baadaye, aliitaja Kigoma kwa hasira: viongozi wa mapambano, alisema, waliipenda mno, wakakaa kwenye mabaa na madanguro wakati wapiganaji wao wako mlimani upande wa pili. Kama kamanda alikuwa na haki ya kukasirika. Lakini hasira yake inatuthibitishia jambo: mwaka 1965 mabaa ya Kigoma yalikuwa na uhai kiasi cha kushindana na vita. Hiyo ilikuwa miaka ya wanamuziki wa Kongo, Franco, Rochereau na Dokta Nico, ambao santuri zao zilisikika Afrika Mashariki yote, na Wakongo waliokaa meza za Kigoma walikuwa wakisikia nyumbani.

Baada ya hapo watu walizidi kuvuka. Warundi mwaka 1972 na tena mwaka 1993, Wakongo mwaka 1996, ambapo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa wilayani Kasulu. Walikuja na ngoma na kwaya zao, na walijenga ladha ya muziki wa mkoa huu kwa namna ambayo bado haijaandikwa ipasavyo. Mwaka 2012 wasanii wenye asili ya Kigoma, wakiwamo Diamond Platnumz, Mwasiti, Linex, Peter Msechu, Ommy Dimpoz na Baba Levo, walikusanyika chini ya jina la Kigoma All Stars wakatoa wimbo Leka Dutigite. Watu wengi walishangaa mkoa mmoja wa pembezoni umetoaje majina makubwa kiasi hicho, na hapo Alikiba hajahesabiwa. Aliyetembea njia hii kuanzia ufukweni hashangai.

Matembezi yanaishia kwenye stesheni ya reli, jengo la Wajerumani linaloitazama bandari. Ni mahali pazuri pa kuishia kwa sababu hapo ndipo beni iliposhukia na magitaa yalipopandia kwenda Tabora na Dar es Salaam.

Manispaa ya Kigoma/Ujiji inaweza kuianzisha njia hii bila gharama kubwa. Inahitaji vibao vichache, makubaliano na maimamu na wenye baa, na viongozi wa matembezi ambao wao wenyewe wanapiga ala, kwa kuwa historia ya muziki inayoelezwa na mtu asiyeweza kuimba hudumaa. Chuo cha sanaa cha Bagamoyo, TaSUBa, kina uwezo wa kuwafunza. Nyimbo za bendi zilizorekodiwa na Redio Tanzania zipo, na zichezwe mahali zilipozaliwa. Kazi ngumu zaidi ni ya wazee, na haiwezi kusubiri bajeti. Wewe uliye Mwanga, Ujiji, Kibirizi au Katonga, kama babu yako alikuwa kapteni wa beni, kama mama yako alikuwa na cheo ngomani, kama kuna santuri, picha ya bendi au gitaa lisilo nyuzi juu ya kabati, usivitupe. Kaa na mwenye navyo, mrekodi kwa simu yako, uandike jina lake na mtaa wake, na upeleke nakala makumbusho ya Ujiji, pale mwembeni.